Kahawa ya Kazini na Migahawa ya Iceland: Halali Inaanzia Wapi?



Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake. Ama baad:

Ndugu yetu mmoja kutoka Mombasa, ambaye sasa anafanya kazi katika kiwanda cha samaki nchini Iceland, ametuletea swali refu. Anasema kila siku kazi husimama mara mbili, wafanyakazi wote huingia chumba cha mapumziko, na kahawa ipo tayari, bure, kila mtu anajimiminia. Mwislamu pale ni yeye peke yake. Miezi ya mwanzo alikuwa akibaki nje na simu yake kwa kuogopa vikombe, kwa kuwa huoshwa pamoja na sahani zilizoliwa nyama ya nguruwe. Siku moja mwenzake mtu mzima akamfuata kumuuliza wamemkosea nini. Anataka kujua: kahawa ile ni halali kwake? Na wenzake wanapokwenda kula baga au pizza siku ya mshahara, afuatane nao au ajiepushe?

Tumeona jibu lifae kwa wengine pia, kwani ndugu zetu katika nchi za kaskazini ya Ulaya wanazidi kuwa wengi na maswali yao yanafanana.

Kwanza tuijue nchi yenyewe, maana fatwa hujengwa juu ya hali halisi. Iceland ni kisiwa chenye watu wasiofika laki nne, na wengi wao wanaishi Reykjavik na vitongoji vyake. Baridi ni kali na usiku wa majira ya baridi ni mrefu mno, hivyo maisha ya watu yako ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba kuna kahawa. Mgeni hukaribishwa kwa kahawa. Kazini kuna wakati maalumu unaoitwa kaffitími, yaani wakati wa kahawa, na huo hauchezewi. Kukataa kahawa si dhambi kwao, lakini kukataa kukaa na watu wakati huo huonekana kama kujitenga. Ndiyo sababu yule mwenzake akauliza amemkosea nini. Mtu wa Pwani aliyekulia kwenye baraza la kahawa chungu na kashata angepaswa kulielewa hilo haraka kuliko yeyote.

Ama hukumu ya kahawa yenyewe, ni halali bila ya shaka. Na wala tusidhani kuwa kahawa ni jambo la Wazungu. Katika karne ya 15 walioieneza ni watu wa Yemen, na hasa masheikh wa tariqa waliokuwa wakiinywa ili wapate kukesha katika dhikri. Ilipofika Makka ilizua mzozo. Mwaka 1511 liwali wa Makka wa wakati huo, Kha'ir Beg, aliwakusanya wanavyuoni na kahawa ikapigwa marufuku, kwa hoja kwamba inalevya na kwamba watu hukusanyika kwa ajili yake kufanya upuuzi. Amri ile haikudumu. Mwaka 1558 mwanachuoni Abdulqadir al-Jaziri akaandika kitabu kizima kutetea uhalali wake, na msimamo wa wanavyuoni ukatulia kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka upatikane ushahidi wa kuharamisha, na kahawa haiondoi akili bali huiamsha. Hata neno lenyewe limesafiri: qahwa la Kiarabu likawa kahve kwa Waturuki, likapita kwa Waholanzi na Wadenmark, likafika Iceland likiwa kaffi. Kwetu likawa kahawa. Ni neno moja.

Sasa vikombe, na hapa ndipo penye wasiwasi wa ndugu yetu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, najisi ya nguruwe ni nzito: huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kijana aliyesoma madrasa analijua hili vizuri, na ndilo lililombakisha nje kwenye baridi. Lakini kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, asili ya chombo ni tohara, na yakini haiondoshwi na shaka. Hakukiona kikombe kile kikiguswa na nguruwe, anadhania tu. Dhana hiyo haitoshi kukinajisisha. La pili, Imam Nawawi mwenyewe, nguzo ya madhehebu haya, katika al-Majmu' ameeleza kuwa kwa upande wa dalili kauli yenye nguvu ni kwamba nguruwe huoshwa mara moja bila ya udongo, kama najisi nyingine. Na Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu, alielekezwa kwamba akikosa vingine avioshe kisha avitumie. Kwa hiyo kikombe kilichotoka kwenye mashine ya kuoshea kikiwa safi, anywee. Akitaka utulivu zaidi wa moyo, achukue kikombe chake mwenyewe kutoka nyumbani. Wengi wa wenzake bila shaka wanacho chao, na hakuna atakayeona ajabu.

Maziwa hayana tatizo. Ajihadhari na kahawa iitwayo írskt kaffi, maana hiyo hutiwa wiski. Akiwa dukani, aangalie pia vinywaji vya kopo vinavyoandikwa pilsner au léttöl. Iceland duka la kawaida haliruhusiwi kuuza pombe kali wala bia ya kawaida, hizo huuzwa na maduka ya serikali yaitwayo Vínbúðin, lakini huruhusiwa kuuza kinywaji chenye kilevi kisichozidi asilimia 2.25. Wageni huona kipo kwenye rafu pamoja na soda wakadhani hakina kitu. Kile ambacho kingi chake hulevya, kidogo chake ni haramu.

Nyumba za kahawa za mjini ni habari nyingine kidogo. Mokka, iliyofunguliwa Reykjavik mwaka 1958, ndiyo iliyowaletea watu wa mji ule kahawa ya mashine ya Kitaliano. Baadaye zikaja kampuni za wenyeji zenye matawi mengi, Te & Kaffi tangu 1984 na Kaffitár tangu 1990, na kwa miaka mingi wenyeji walijivunia kwamba Starbucks haikuwahi kupata nafasi kwao; tawi lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2025 tu. Nyumba nyingi za kahawa kule huuza bia pia, hasa jioni. Kuingia kununua kahawa asubuhi mahali ambapo pombe iko kwenye jokofu si haramu. Kilichokatazwa ni kukaa kwenye meza ambayo pombe inanywewa, na katazo hilo limethibiti katika hadithi. Basi wenzake wakiagiza bia mezani, aage kwa upole aondoke. Aende nao asubuhi, asiende nao usiku.

Tuje kwenye migahawa yenye matawi. Watu wetu wengi wana mazoea mabaya ya kulitegemea jina. Mtu amekula KFC au Domino's Dubai au Kuala Lumpur, ambako nyama yake ni ya halali, akifika Reykjavik anaingia kwa jina lile lile bila ya kuuliza. Jina la mgahawa si cheti. Kila nchi ina mwenye leseni wake, na kila mwenye leseni hununua nyama anakojua yeye. Tazama McDonald's: iliingia Iceland mwaka 1993, na waziri mkuu wa wakati huo, Davíð Oddsson, ndiye aliyekula baga ya kwanza. Mwaka 2009, baada ya mabenki kuanguka na sarafu ya krona kupoteza thamani, matawi yote yakafungwa, kwa sababu bidhaa zake nyingi zilikuwa zikiagizwa Ujerumani na bei ilishindikana. Mwenye leseni alibadilisha jina likawa Metro, akaendelea kupika mahali pale pale kwa bidhaa za ndani. Jina likabaki na Wamarekani, jiko likabaki na mwenyeji. (Baga moja ya mwisho ilihifadhiwa ikawa kitu cha maonyesho, na miaka mingi baadaye bado ilikuwa haijaoza. Msomaji aamue mwenyewe.)

Kinachopaswa kuulizwa basi ni nyama. Sheria ya Iceland inalazimisha mnyama apigwe ganzi au azimishwe kabla ya kuchinjwa. Akizimishwa kisha akachinjwa angali hai, wanavyuoni wengi wa zama hizi wameruhusu. Akifa kwa pigo lile kabla ya kisu, huyo ni mzoga. Tatizo la pili ni mchinjaji. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu, Suratul Maida aya ya 5. Lakini Mashafi wameweka sharti ambalo wengi wamelisahau: asiyekuwa wa Bani Israil, lazima ijulikane kuwa wazee wake waliingia dini hiyo kabla ya kufutwa. Watu wa Iceland waliukubali Ukristo kwa uamuzi wa baraza lao, Althing, karibu na mwaka 1000 Miladia, karne nne baada ya Mtume (s.a.w.) kupewa utume. Kwa kauli inayotegemewa ya madhehebu, kichinjo chao hakituhalalikii. Jamhuri ya wanavyuoni hawakuweka sharti hilo. Na tangu zama za Maswahaba walitofautiana kuhusu Waarabu wa Bani Taghlib: Ali (r.a.) alikataa kichinjo chao kwa kuona kuwa hawakuwa na lolote la Ukristo ila kunywa pombe, na Ibn Abbas (r.a.) akakiruhusu. Leo katika Iceland kuna wengi ambao hata kanisa hawalijui, na maneno ya Ali yanazidi uzito.

Kwa hiyo tunachomshauri ndugu yetu ni hiki: nyama anunue kwenye maduka ya wahamiaji yanayouza halali, na Waislamu wa Reykjavik wenye jumuiya yao tangu 1997 watamwelekeza. Akienda na wenzake mgahawani, aagize samaki, kwani samaki hahitaji mchinjaji, na nchi ile ina samaki bora duniani. Kama ni pizza, aombe ya mboga, lakini aombe pia ikatwe kwa kisu kisichokatia pepperoni, kwa sababu pepperoni ya kule ni nguruwe isipoandikwa vinginevyo. Viazi vya kukaanga aulize kama mafuta ni yale yale ya nyama. Na pylsa, ile soseji ndani ya mkate inayouzwa kila kona na kusifiwa na watalii, asiiguse. Watu husema ni ya kondoo, na kweli kondoo yumo, lakini huchanganywa na nguruwe na ng'ombe.

Maneno ya kuhifadhi: svínakjöt ni nyama ya nguruwe, skinka na beikon pia ni nguruwe, gelatín haijulikani imetoka wapi mpaka iandikwe. Lambakjöt ni kondoo, kjúklingur ni kuku, fiskur ni samaki.

Na kesho mapumziko yakifika, aingie ndani akae na wenzake. Yule mzee aliyemuuliza anastahili jibu, na ni bora alipate akiwa ameshika kikombe mkononi.

Wallahu a'lam.