Magadi, Munyu na Metali Alikali: Tatizo la Kuutaja Ukoo wa Elementi

Katika mitaa ya Eastlands mjini Nairobi, kama vile Kaloleni, Makongeni na Jericho, mboga kama kunde na mrenda hulainishwa kwa mojawapo ya vitu viwili. Cha kwanza ni magadi, yatokayo Ziwa Magadi, kusini-magharibi ya Nairobi, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Cha pili ni maji yaliyochujwa katika majivu ya mabua ya maharagwe au maganda ya ndizi. Maji hayo Waluhya huyaita musherekha au munyu, neno ambalo katika lahaja za kaskazini za Kiswahili lina maana ya chumvi. Kimoja kikikosekana, kingine hushika nafasi yake. Desturi hii ina sababu ya kikemia, na sababu hiyo yazua swali la istilahi.

Magadi ni kabonati na bikabonati ya sodiamu. Munyu una kabonati ya potasiamu kwa wingi. Atomi ya sodiamu ina elektroni 11, zilizopangwa 2, 8, 1. Ya potasiamu ina 19, zilizopangwa 2, 8, 8, 1. Hiyo moja ya tabaka la nje ndiyo elektroni ya valensi. Kwa kuwa tabaka za ndani huikinga na mvuto wa kiini, hutoka kwa wepesi, na atomi hubaki kuwa ioni yenye chaji chanya moja. Hapo ndipo zinapotokea sifa za ukoo mzima, kuanzia lithiamu hadi fransiamu: metali hizi ni laini, hupambana vikali na maji, hazipatikani peke yake katika maumbile, na chumvi zake nyingi huyeyuka majini. Kadiri elektroni hiyo inavyokuwa mbali na kiini, ndivyo metali inavyozidi kuwa kali: potasiamu huishinda sodiamu, na sodiamu huishinda lithiamu.

Kichujio cha majivu chathibitisha jambo hili. Majivu yana kabonati ya kalisi pia, lakini kalisi ina elektroni mbili za valensi, na kabonati yake haiyeyuki ila kidogo mno. Kwa hiyo hubaki katika majivu, na kabonati ya potasiamu hupita na maji. Ndani ya chungu, kabonati iliyoyeyuka hulegeza kuta za seli za mboga. Ioni ya metali yenyewe haina kazi kubwa hapo.

Je, yafaa kundi hili liitwe "metali za magadi"? Jina hilo lingeeleweka upesi, lakini lingepotosha. Magadi si metali. Ni chumvi ambayo metali yake imekwisha kutoa elektroni. Mwanafunzi angedhani kwamba sodiamu yaweza kutiwa chunguni, ilhali ikigusa maji hutoa hidrojeni na joto jingi, na huenda ikalipuka. "Metali alikali" ni bora. Neno alikali asili yake ni Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea ya chumvi. Humphry Davy naye, alipoipata potasiamu mwaka 1807 kwa kupitisha umeme katika potashi iliyoyeyushwa, aliipa jina litokanalo na majivu. Ieleweke, hata hivyo, kwamba kufanana kwa "alikali" na kivumishi "kali" ni sadfa tu.

Nchini Kenya kemia hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto wa Makongeni huweza kuikariri elektroni ya valensi asijue kwamba mamaye huitegemea kila apikapo kunde. Istilahi ibaki alikali. Maelezo yaanzie kwenye magadi na munyu, kisha yatenge bayana mambo matatu: metali, ioni na chumvi. Bila utengano huo, Kiswahili kitakuwa na majina ya kemia pasipo kuwa na kemia.