Siku tatu kwa tatu: Je, ule ulikuwa uadilifu?

Tarehe 1 Aprili 2020, wakati maradhi ya korona yakitanda duniani, nchi ya Panama katika Amerika ya Kati ilianza kuwagawia watu wake siku za kutoka nje kwa kufuata jinsia. Wanawake walipewa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wanaume wakapewa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumapili kila mtu alitakiwa kubaki ndani. Hata katika siku yake, mtu alikuwa na takriban saa mbili tu za kwenda kununua mahitaji, kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya kitambulisho chake.

Kwa mtazamo wa haraka, huo ni uadilifu usio na dosari: siku tatu kwa tatu. Askari naye alirahisishiwa kazi, kwani kumtazama mpita njia kulimtosha kujua kama ametii au amekaidi. Lakini amri ile ilihesabu wanaume na wanawake, haikuhesabu nyumba.

Hebu tutazame nyumba mbili zilizopakana. Ya kwanza ina mume na mke. Baina yao wawili wana siku sita za kwenda sokoni. Leo akishindwa huyu, kesho atakwenda yule. Ya pili ina mama mjane, au aliyeachwa, pamoja na binti zake. Nyumba nzima ina siku tatu. Unga ukiisha Alhamisi, jirani atatoka na mama huyu atasubiri. Anachonunua Ijumaa sharti kimfikishe Jumatatu. Kama watoto ni wadogo, saa zake mbili zikifika itambidi achague: awaache peke yao, au afuatane nao katikati ya maradhi. Baba aliyefiwa na mkewe akabaki na watoto wadogo naye yumo katika dhiki hiyo hiyo.

Nchini Peru, serikali ya Rais Martín Vizcarra iliweka mpango kama huo tarehe 3 Aprili 2020. Haukudumu. Siku za wanawake masoko yalifurika, na msongamano uliokusudiwa kuzuiwa ndio ulioonekana. Sababu haikuwa ngeni kwa yeyote aliyelelewa na mama: kazi ya kulisha nyumba ilikuwa mikononi mwa wanawake, na amri ya serikali haikuihamisha. Siku ya mume ilipofika, kapu katika nyumba nyingi liliendelea kumngoja mke. Tarehe 10 Aprili mpango huo ukaondolewa.

Jirani zetu wa Uganda hawakugawa siku kwa jinsia, lakini mzigo ulijigawa wenyewe. Mwezi Machi 2020 Rais Museveni aliagiza wauza vyakula masokoni wasirejee majumbani kwa siku 14, bali walale huko huko. Wengi wa wauzaji hao ni wanawake. Mjini Kampala kina mama wakalala kandokando ya meza zao za biashara. Mwenye mume au mama mzazi nyumbani alijua watoto wako na nani. Je, asiye na mtu? Magari ya binafsi nayo yalipozuiwa, mjamzito alilazimika kwanza kupata kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani ndipo asafirishwe kwenda hospitali, na uchungu wa uzazi haujui kusubiri kibali. Baadaye sharti hilo liliondolewa kwa wajawazito.

Sisi Waislamu tuna somo la karibu katika jambo hili. Mjane aliye katika eda ameamrishwa kujifunga miezi minne na siku kumi, na asili ni kutulia nyumbani. Hata hivyo, wanazuoni wamemruhusu kutoka mchana kwa haja yake. Hukumu ipo, lakini hali ya mwenye kuhukumiwa nayo imetazamwa. Amri inayoangalia jinsia pekee, isiulize huyu ana nani nyumbani, huwaelemea wale ambao tayari wamepungukiwa na msaidizi.

Hapa Tanzania hatukufungiwa majumbani, ingawa shule zilifungwa na watoto wakarejea mikononi mwa mama zao. Maradhi mengine yanaweza kuja, na mafuriko hayabishi hodi. Kabla ya siku hiyo, ndugu msomaji, uijue mitaa yako: ni nyumba ipi ina mjane, ipi ina mtalaka mwenye watoto, ipi ina mzee mseja asiye na wa kumtuma dukani. Uongozi wa msikiti unaweza kuwa na orodha hiyo, na vijana wakajulikana mapema nani atagonga mlango upi.

Na wewe mume, jifunze leo bei ya unga na mahali dawa za watoto zinapohifadhiwa. Siku mke wako atakapozuiliwa kutoka, kapu litakuwa lako.