SUMU NA VIRUSI

Neno virusi limesikika Kagera katika misiba kama UKIMWI, ambao wagonjwa wake watatu wa kwanza nchini waligunduliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, Muleba, na Marburg, iliyotangazwa Bukoba Vijijini Machi 2023, ikaugua watu 9 na kufa 6, akiwamo mhudumu wa afya.

Kwa asili neno hili ni la Kilatini, virus, nalo lilimaanisha sumu. Kiingereza kiliazima maana hiyohiyo. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alilitumia kutajia kiambukizi cha tumbaku kilichopenya chujio lenye kuzuia bakteria.

Kiswahili kililichukulia vi- kuwa kiambishi cha wingi, umoja ukawa kirusi. (Lugha ya Warusi huanza kwa herufi kubwa.)

Je, tungeweza kutafsiri kwa asili, tukasema sumu ya Marburg? La. Sumu hutiwa, anayeisikia humtafuta aliyeitia. Virusi huzaliana ndani ya mwili na kumwambukiza mwingine. Anayevisikia hujihadhari anapomuuguza ndugu au kumwosha maiti. Isemwe, basi, virusi vya Marburg.