Gaz iko ndani ya ziwa, Munigi inapikia makala

Ku barabara ya Rutshuru, hapa Munigi, magunia ya makala yamepangwa juu ya mawe meusi ya volkano. Ukishuka kilomita chache unafika ziwa Kivu, na chini ya maji yake kunalala gaz metane, karibu kilomita za ujazo 60. Lakini sisi tunapikia miti ya pori la Virunga. Wachimbaji wanaotoka Rubaya kuona familia wanatuuliza: hiyo gaz itatusaidia nini? Ulizo ni ya haki. Koltani inapita mbele ya mlango wao kila siku, na mlango unabaki ule ule.

Ngambo, ku Gisenyi, braseri ilianza kutumia gaz ya ziwa hili mu 1963. Mu 2016 mtambo wa KivuWatt, karibu na Kibuye, ulifunguliwa rasmi, megawati 26 za umeme. Na tangu 1975 Kinshasa na Kigali walisha sikilizana kutumia gaz pamoja! Kwetu, Julai 2022, Leta iliweka ku mnada vipande 27 vya petroli na 3 vya gaz: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Januari 2023 kampuni tatu zilichaguliwa kwa gaz. Ule wa petroli ulifutwa Oktoba 2024.

Petroli si kitu kipya mu Kongo. Ile ya Muanda inatoka tangu miaka ya 1970, inapakiwa mbichi mu meli, inaenda. Esansi tunayonunua Goma inakuja na malori kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Hapo njo woga wetu juu ya gaz.

Kuna woga mwingine, na watu wa Munigi wanaujua kuliko watu wa Kinshasa: mazuku, ile hewa nzito inayolala mu mashimo na kuua mbuzi, hata mtoto. Ziwa limebeba hewa hiyo mingi sana, kupita metane mara tano. Mu 1986, ku ziwa Nyos, Kameruni, hewa ya namna hiyo ilitoka usiku ikaua watu karibu 1.700. Januari 2002 lava ilipita hapa, ikakata muji, ikaingia ziwani. Kwa bahati maji ya chini hayakutikisika. Kutoa gaz kunaweza kupunguza hatari, lakini maji yaliyopandishwa na bomba lazima yarudishwe mu kina chake. Yakirudishwa ovyo, ni kucheza na moto.

Ndugu wachimbaji, tuseme wazi: pale si kazi ya beshi na chepe. Musitegemee mtambo uchukue vijana kama Rubaya inavyowachukua. Faida ya kweli itakuwa umeme wa bei nafuu, gaz ya kupikia na fungu la pesa. Code minier ya 2018 inagawa redevance ya kampuni hivi: 50% kwa Leta, 25% kwa provensi, 15% kwa maeneo kama chefferie, 10% kwa vizazi vijavyo. Gaz haifuate code hiyo. Iko na sheria yake ya Agosti 2015. Kwa hiyo musifikiri ile 15% itakuja yenyewe.

Chombo kiko. Dekre ya 20 Mei 2011 inalazimisha kila mkataba wa mali ya asili utangazwe mu siku 60 kisha kusainiwa. Mukikaa na chefu wa groupement, muulizeni mkataba wa gaz uko wapi, na waya wa umeme utapita Munigi mbele ao nyuma ya viwanda.