Studio ya Vugiri na Mtazamaji Asiyeulizwa

Vugiri iko juu ya Korogwe, katika safu ileile ya Usambara Magharibi iliyobeba Lushoto. Huko, mwaka 1935, Mwingereza Leslie Notcutt alianzisha studio ya sinema. Miaka miwili baadaye ilikuwa imefungwa. Kuelewa kwa nini haikudumu, inafaa kumweka Notcutt kando ya mwongozaji wa Hollywood wa rika lake la kazi, Howard Hawks.

Wote wawili wanaanzia mwaka 1926. Hawks alitoa filamu yake ya kwanza mwaka huo. Notcutt, aliyekuwa akisimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, alianza kuwaonyesha vibarua sinema ili watulie kazini. Tangu mwanzo, basi, picha zake zilikuwa na kazi ya kumfanyia mwenye shamba.

Mradi wa Vugiri uliendeshwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari kwa fedha za taasisi ya Carnegie ya Marekani. Ulitoa filamu 35 kuhusu safura, malaria ya watoto, mmomonyoko wa udongo, chai, na akiba ya posta. Waigizaji walikuwa Waafrika. Filamu zilikuwa za milimita 16, na sauti iliwekwa kwenye sahani za santuri. Njia hiyo ilikuwa na faida: picha moja iliweza kusemeshwa Kiswahili, Kiganda au Kibemba kwa kubadilisha sahani tu. Hasara yake ni kwamba santuri na picha havikukubali kwenda pamoja. Gari la sinema lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na watu walijaa kutazama.

Lakini kujaa kwa watu hakukuamua lolote. Onyesho halikuiletea studio fedha za kujitegemea, hivyo fedha za Carnegie zilipokwisha mwaka 1937, uamuzi ulibaki kwa serikali za kikoloni. Hazikuridhishwa na ubora wa filamu, zikakataa kugharimia, na shughuli ikafa.

Hawks naye alikataliwa. Mwaka 1938 vichekesho vyake, Bringing Up Baby, havikuuza tiketi za kutosha, na kampuni ya RKO ikaachana naye. Mwaka uliofuata alikuwa Columbia, akitoa Only Angels Have Wings. Palikuwa na kampuni nyingine za kumpokea, na watazamaji wa kumpima upya. Ndivyo alivyodumu hadi kuja Tanganyika na John Wayne kupiga Hatari!, iliyotoka mwaka 1962.

Haitoshi, basi, kusema Hawks alikuwa na kipaji zaidi. Hollywood ilikuwa na ukatili wake, ila mtu wa kawaida aliweza kuikataa filamu kwa kutonunua tiketi, na mwongozaji akalazimika kusikia. Vugiri, mwanakijiji alifundishwa kuchimba choo na kuweka akiba, bila nafasi ya kuagiza hadithi aliyoitaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, akiigiza Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Mafunzo bado yalikuwamo, ila safari hii kisa na mhusika vilitangulia. Notcutt alikuwa na kamera, maabara na lori; alichokosa ni mtazamaji mwenye uwezo wa kumwambia hapana.