Samaki Mwenye Sumu Anayelala Mchangani

Mtu wa Buluo anaweza kuuliza: Bahari iko mbali sana na Likasi, samaki wa bahari atatuumiza namna gani? Lakini vijana wetu wanaendesha lori za shaba, wanapita Kasumbalesa na nchi ya Zambia mpaka bandari ya Dar es Salaam. Mama wafanyabiashara nao wanakwenda kule kununua vitu. Wakifika wanataka kuona bahari. Wanavua viatu, wanaingia majini. Ni vizuri kuoga baada ya safari ndefu, lakini mtu aliyezoea mto tu hajui kitu gani kimelala chini ya mchanga.

Samaki huyu anaitwa taa. Mwili wake ni mpana na bapa kama sinia, na mkia wake ni mrefu kama fimbo. Anajifunika mchanga, macho tu yanabaki nje. Hana ugomvi na mtu. Akisikia mtu anakuja, anakimbia. Lakini mtu akimkanyaga, anarusha mkia juu na kumchoma mguu, mara nyingi karibu na kifundo. Katika mkia upo mwiba mgumu wenye meno kama msumeno, na meno yale yanaelekea nyuma. Kuingia ni rahisi. Kutoka unararua nyama. Tena mwiba umevikwa ngozi nyembamba yenye sumu. Ngozi hiyo inapasuka ndani ya kidonda, na sumu inabaki humo.

Maumivu yanapita ukubwa wa kidonda. Yanazidi kwa muda wa saa moja hivi, na pasipo matunzo yanaweza kukaa siku mbili. Wengine wanatoka jasho, wanatapika, au wanazimia.

Sasa shikeni neno hili kuliko mengine yote: sumu hii inaharibiwa na joto. Ni kama ute wa yai, ambao ukipata moto unageuka. Basi mtoeni mgonjwa majini, bonyezeni kidonda kwa kitambaa safi damu ipungue, kisha tieni mguu katika maji ya moto, karibu digrii 45, asiungue. Mtu mwingine ayajaribu maji kwa mkono wake mzima, kwa sababu mgonjwa mwenye maumivu hawezi kupima. Mguu ukae humo nusu saa mpaka saa moja na nusu. Maji yakipoa, toeni mguu kwanza, ndipo muongeze mengine. Dereva mwenye chupa ya chai na jiko dogo garini anayo dawa tayari.

Msikate kidonda kwa wembe. Msinyonye sumu. Msifunge mguu kwa kamba, wala msipake majivu, udongo au petroli.

Hata maumivu yakitulia, mgonjwa aende hospitali siku ile ile. Maji ya moto hayatoi kipande cha mwiba kilichovunjika ndani, nayo hayazuii pepopunda. Mtu anayesema, “Nimepona,” anaweza kurudi baada ya siku chache mguu umevimba na kutoa usaha.

Mwiba ukiingia kifuani au tumboni, habari ni nyingine. Msiung’oe! Mpelekeni mgonjwa upesi kwa waganga, mwiba ukiwa mahali pake. Mwaka 2006 Steve Irwin, Mwaustralia aliyejulikana sana kwa filamu zake za wanyama, alichomwa na taa kifuani, akafa.

Kwa kujikinga, mtu aingiapo baharini asiinue miguu kama anayepanda ngazi. Akokote nyayo mchangani polepole. Taa atasikia mtikisiko na kuondoka. Viatu vinasaidia, lakini mwiba unaweza kuvitoboa. (Nyama ya taa haina sumu. Watu wa pwani wanaikausha na kuila.)

Na sisi wa maji baridi tusicheke. Katika Ziwa Moero na Ziwa Tanganyika yuko ngogo, mwenye mwiba mmoja mgongoni na mmoja katika kila pezi la ubavuni. Akishikwa anaisimamisha miiba yote mitatu, na kuchomwa kwake kunauma sana. Matunzo ni yale yale ya maji ya moto. Mvuvi amtoe wavuni kwa kitambaa kinene, na watoto wasipewe kumchezea, hata akiwa amekufa, maana mwiba uliokwisha kusimama haulali upesi.