Kazi ya Mshambuliaji wa Mpira: Toka Thika Hata Japani

Wapenzi wa mpira wa Thika na Ruiru waliohudhuria mechi katika mwaka wa 2014 walimwona kijana mrefu, apigaye kwa mguu wa kushoto, akiichezea Thika United. Timu hiyo ilipata msaada wa kampuni ya maziwa ya Brookside ya Ruiru. Kijana huyo ni Michael Olunga, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1994. Miaka sita baadaye alihesabiwa kuwa mchezaji bora wa ligi kuu ya Japani.

Yafaa kueleza kwanza kazi yenyewe. Mchezaji wa kulipwa ni mfanyakazi mwenye mkataba wa miaka maalumu. Timu nyingine ikimtaka kabla mkataba haujaisha, hulipa fedha kwa timu yake ya kwanza. Pengine huazimwa tu, yaani hucheza ugenini kwa muda huku akiwa bado ni mchezaji wa timu iliyomwazimisha. Na mshambuliaji hupimwa kwa jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni mabao. Akikosa kufunga kwa majuma machache, mwingine huwekwa mahali pake.

Olunga alipanda ngazi hii hatua kwa hatua. Alicheza Tusker mwaka wa 2013, kisha Thika United, kisha Gor Mahia mwaka wa 2015. Huko alifunga mabao 19 katika ligi, na timu ikatwaa ubingwa bila kushindwa hata mara moja. Wakati huo alikuwa pia mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya, Nairobi. Mwaka wa 2016 alikwenda Djurgården ya Stockholm, Uswidi, akafunga mabao 12 katika ligi.

Baada ya hapo njia haikuwa nyoofu. Mwaka wa 2017 alihamia China, na muda si mrefu akaazimwa kwa Girona ya Hispania. Huko hakupewa nafasi mara nyingi. Lakini tarehe 13 Januari 2018 alifunga mabao matatu katika mechi moja, Girona ilipoishinda Las Palmas kwa 6 kwa 0. Hakuna Mkenya aliyefanya hivyo kabla yake katika ligi hiyo.

Mwaka huo huo aliingia Kashiwa Reysol ya Japani, na msimu ulipokwisha timu ikateremshwa daraja la pili. Wengi wangalitafuta kazi kwingine, yeye alibaki. Katika mwaka wa 2019 alifunga mabao 27, nane kati ya hayo katika mechi moja, tarehe 24 Novemba, walipoifunga Kyoto Sanga 13 kwa 1. Kashiwa ikarudi daraja la kwanza, na mwaka wa 2020 akafunga mabao 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora pia. Januari 2021 alihamia Al-Duhail ya Qatar, na huko akaongoza wafungaji wa ligi katika misimu miwili iliyofuatana, 2021–22 na 2022–23.

Thika United yenyewe haikubahatika hivyo. Mwaka wa 2018 iliteremka kutoka Ligi Kuu ya Kenya. Hata hivyo yafaa ikumbukwe kuwa timu ya mji mdogo ilikuwa ngazi ambayo kijana huyo aliikanyaga alipokuwa akipanda.

Vijana wanaotamani kazi hii wana mambo mawili ya kufikiri. La kwanza, miaka yake ni michache, maana wengi huiacha kabla ya kutimiza miaka arobaini, na jeraha moja laweza kuikatiza mapema zaidi. Kwa hiyo masomo yasiachwe kwa ajili ya mpira. La pili, kushuka daraja si mwisho wa safari. Mshambuliaji aliyekubali kucheza daraja la pili kwa mwaka mmoja ndiye aliyepewa heshima ya kwanza mwaka uliofuata. Mvumilivu hula mbivu.